Kinyonga Ashukapo Mtini

Gwarama ni nchi ya vilima katika Mkoa wa Kigoma, si mbali na mpaka wa Burundi. Zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo, na tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Kakonko. Wenyeji wake ni Waha, nao ni wakulima wa maharage, mahindi, mihogo na ndizi. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, zikaendelea mpaka Aprili au Mei. Kisha huja kiangazi, nyasi zikakauka na ardhi ikawa ngumu. Katika miti na vichaka vya nchi hii wamo vinyonga, ambao wengine huwaita lumbwi. Walakini ni watoto wachache waliopata kuwaangalia vema, maana wengi wakimwona kinyonga hukimbia, au huokota jiwe.

Hii ni habari ya kinyonga jike mmoja, na ya mtoto aliyetaka kumfuga pasipo kujua haja yake.

Mwezi wa Aprili, mvua zilipokuwa karibu kwisha, mvulana mmoja wa darasa la sita alikuwa akirudi kutoka shambani. Njiani alimkuta kinyonga akivuka polepole, akinyanyua mguu na kuutikisa kabla hajauweka chini. Mvulana akamnyoshea kijiti, naye kinyonga akakishika kwa vidole vyake vilivyogawanyika kama koleo, akapanda. Alikuwa mkubwa kuliko vinyonga wote aliopata kuwaona. Rangi yake ilikuwa ya kijani, na nyuma ya kichwa alikuwa na vipande viwili vya ngozi vilivyolala kama masikio. Tumbo lake lilikuwa nene. Mvulana akafurahi, akasema moyoni, "Huyu ameshiba sana. Nitamfuga."

Alipofika nyumbani akatwaa tenga kuukuu la kuku, akatia matawi ya mpera ndani yake, akalitundika chini ya upenu. Kila asubuhi alikamata panzi, na asubuhi na jioni alinyunyiza maji juu ya majani, maana aliona ya kuwa kinyonga hanywi katika bakuli, bali hulamba matone.

Bibi yake hakupendezwa. Tangu utoto wake alikuwa amesikia hadithi isimuliwayo katika nchi nyingi za Afrika, ya kuwa hapo mwanzo kinyonga alitumwa kuwapelekea wanadamu habari ya uzima, akakawia njiani, na mjusi akamtangulia na habari ya mauti. "Mjukuu wangu," akasema, "aliyekawisha habari njema hakai katika mji wa watu." Lakini kwa kuwa alimpenda mjukuu wake alinyamaza, akawa akipita mbali na tenga.

Siku saba zikapita salama. Siku ya nane kinyonga alikataa panzi. Siku ya tisa hakutulia hata kidogo. Alishuka kutoka matawini, akazunguka chini ya tenga, akapanda, akashuka tena. Kisha akaanza kupapura sakafu ya tenga kwa miguu ya mbele. Mvulana akamletea panzi wengine walionona, lakini hakuwatazama. Akabadili matawi, wala haikufaa. Jioni bibi akaja, akasimama mbali, akatazama. "Huoni?" akasema. "Anachimba kaburi. Mtoe kabla hajaingia mtu."

Usiku ule mvulana hakulala vema. Alifikiri kwenda kumtupa kinyonga ng'ambo ya mto asubuhi na mapema. Lakini alikuwa amekwisha mzoea, naye alitaka kujua kwanza. Basi kulipokucha akalichukua tenga mpaka shuleni.

Mwalimu akamtazama kinyonga muda mrefu pasipo kumgusa. Kisha akamwuliza mvulana, "Je, kwenu mna kuku?"

"Naam, Mwalimu, tunao."

"Mtetea akitaka kutaga hufanyaje?"

"Hutembea huku na huku, Mwalimu, akilia. Huingia jikoni, hupekua majivu, akifukuzwa hurudi."

"Na akiisha pata mahali?"

"Hutulia."

"Basi mtazame tena kinyonga wako."

Mvulana akatazama miguu iliyokuwa ikipapura, akatazama na lile tumbo nene, akaona upande wa ubavu vivimbe vidogo vidogo chini ya ngozi, kama maharage katika mfuko. "Mwalimu," akasema kwa sauti kuu, "ana mayai!"

"Ndivyo," akajibu mwalimu. "Bibi yako ameona vema, kinyonga anachimba. Lakini hachimbi kaburi. Anatafuta mahali pa kulaza watoto wake. Walakini asipopata udongo, tenga hili litakuwa kaburi lake mwenyewe."

Wanafunzi wakakusanyika, na mwalimu akawaeleza maisha ya kinyonga.

Duniani kuna aina zaidi ya 200 za vinyonga. Karibu nusu yao wako katika kisiwa cha Madagaska, na wengi wa waliosalia wako Afrika bara. Jina lake la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya wataalamu wa nchi za mbali: mwaka 2006 kundi moja la vinyonga wa misitu ya milima ya Afrika ya Mashariki lilipewa jina Kinyongia. Kinyonga hana sumu. Akikasirika hujivimbisha, hufunua kinywa na kutoa sauti kama ya nyoka, lakini afanya hivyo kwa sababu ya hofu tu. Habadili rangi ili afanane na kila kitu anachokanyaga, kama watu wengi wanavyodhani. Zaidi hubadili rangi kwa ajili ya joto na baridi, hofu na hasira, na ili kuwaonyesha vinyonga wenzake hali yake.

Vinyonga wengi ni wanyama wa mitini, na viungo vyao vyafaa kazi hiyo. Vidole vyao hushika tawi kama mkono wa mtu, mkia hujizungusha kama kamba, na kila jicho hutazama upande wake. Ulimi waweza kurushwa mbali kupita urefu wa mwili, ukamnasa mdudu mara moja. Chini kinyonga hana nguvu. Hawezi kukimbia, na kila mwenye mdomo aweza kumpata: kuku, mbwa, nyoka, hata siafu. Basi kinyonga mzima anayetembea ardhini ana sababu kubwa ya kushuka. Kwa jike, mara nyingi sababu hiyo ni mayai.

Kinyonga hajengi kiota mtini, wala halalii mayai yake. Mayai hayo hayana gamba gumu kama la kuku, bali yana ngozi laini. Yakikaa juani husinyaa na kufa. Yahitaji mahali penye giza na unyevu, pasipo joto jingi wala baridi nyingi, na mahali hapo ni ndani ya ardhi. Kinyonga wa aina ile aliyeletwa na mvulana, mwenye ngozi kama masikio, mara nyingi hutaga mayai 25 hata 50. Huchimba shimo lenye urefu wa shibiri moja, pengine zaidi au kasoro, akayazika humo, akafukia, akaenda zake. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, kuanzia kama miezi sita hata kukaribia mwaka mzima, kadiri ya joto la mahali. Kisha watoto huvunja ngozi ya yai, wakachimba wenyewe mpaka juu. Hakuna awafundishaye kupanda mti wala kukamata mdudu.

Si vinyonga wote wanaotaga. Kinyonga mwenye pembe tatu apatikanaye Kenya na katika mlima Meru huyaweka mayai tumboni mpaka watoto wawe tayari kuzaliwa. Wataalamu husema ya kuwa ardhi ya milima mirefu ni baridi mno kwa mayai, ndipo mama hubeba watoto wake juani badala ya kuwazika. Na kusini-magharibi mwa Madagaska yuko kinyonga wa ajabu zaidi, ambaye habari zake ziliandikwa na wataalamu mwaka 2008. Huyo hukaa ndani ya yai, ardhini, miezi minane au tisa. Naye akiisha kutoka, huishi miezi minne au mitano tu, akataga na kufa. Sehemu kubwa ya maisha yake ni gizani, chini ya miguu ya watu wasiojua ya kuwa yuko.

"Mwalimu," akauliza msichana mmoja, "asipopata udongo, hawezi kutaga tu juu ya tenga?"

"Pengine hutaga hivyo kwa shida, na mayai hupotea," akajibu mwalimu. "Lakini mara nyingi huyazuia. Hungoja udongo. Hungoja leo, hungoja kesho, na mayai huzidi kumlemea. Mwisho huishiwa nguvu, macho yake huingia ndani, hulala mchana akiwa amefumba macho, akafa na mayai yake tumboni. Katika Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga vinyonga ndani ya vizimba vizuri, wakawapa chakula kingi na taa za kuwatia joto. Na wengi wamejifunza jambo hili baada ya kumzika mnyama wao. Tena jike aweza kushika mayai hata kama hakukaa na dume. Mayai hayo hayana watoto, lakini yeye lazima ayatoe vilevile. Basi mtu asiseme, Wangu yuko peke yake, hahitaji udongo."

Mvulana akainamisha kichwa. "Mimi nilidhani ameshiba," akasema.

"Ulimpa vitu vyema," akasema mwalimu, "panzi, maji na matawi. Lakini ulimpa ulivyovijua wewe. Sasa tumpe anachokitaka yeye."

Msichana mwingine akasema afadhali aachiwe mara moja. Mwalimu akasema ya kuwa neno hilo ni jema, nao watalifanya. Lakini kinyonga alikuwa amekwisha poteza siku mbili, na kuzunguka shule palikuwa na uwanja mgumu, kuku, na njia ya watu. Apewe udongo kwanza, kisha aachiwe.

Basi darasa likaanza kazi, nayo ilifanywa hivi.

Kwanza walitafuta chombo chenye kina. Wakapata debe la mafuta ya kula, wakaliosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ikaisha. Wakatoboa matundu madogo chini ili maji yasituame. Sufuria au sahani haifai, maana kinyonga achimbapo na kukuta upesi sakafu ngumu, huliacha shimo.

Pili walitafuta udongo. Mvulana mmoja alileta udongo wa kichuguu, lakini mwalimu akaukataa, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu kama tofali. Mwingine alileta mchanga mtupu kutoka kijitoni. Nao haukufaa peke yake, maana ukichimbwa huporomoka, na jike aweza kufukiwa humo. Wakachanganya mchanga uliooshwa na udongo mweusi wa bustani usiotiwa dawa ya wadudu, sehemu moja kwa moja, wakaondoa mawe na mizizi. Wakautia debeni mpaka ukafika kina cha sentimita 30.

Tatu waliupima unyevu. Mwalimu akatwaa udongo mkononi, akaukaza. Ukashikamana kama donge la ugali, wala tone la maji halikutoka. "Ndiyo kiasi chake," akasema. Kisha akatia kidole katika udongo wa debe na kukitoa. Tundu likabaki wazi, halikuporomoka. Udongo mkavu hauwezi kushika shimo, na udongo wa tope huozesha mayai.

Nne walitengeneza njia. Bati la debe lateleza, na kinyonga hawezi kulipanda. Basi wakaegemeza vijiti vyenye magome pande mbili, wakasimamisha na tawi la mpera ndani ya debe, ili aweze kupanda akitaka kupumzika na kunywa.

Tano waliweka faragha. Debe liliwekwa katika pembe ya stoo ya shule karibu na dirisha. Juu yake wakafunika lile tenga kubwa, na pande tatu wakazungushia gunia, wakaacha mwanga uingie kutoka juu. Hili ni jambo kubwa kuliko watu wengi wanavyofikiri. Jike akionekana akichimba, hujiona yuko hatarini, maana akiwa kichwa chini shimoni hawezi kumwona adui.

Walipomaliza wakamweka kinyonga juu ya tawi, wakaosha mikono yao kwa sabuni, kama ipasavyo kila mtu amgusaye mnyama wa jamii ya mijusi, wakaondoka.

Siku ile alishuka, akachimba kidogo, akaacha. Mvulana akaona hofu tena. Lakini mwalimu alipochungua aliona pembe ya gunia imefunuliwa. Mtoto mmoja alikuwa amechungulia. Mwalimu hakumpiga wala hakumtaja. Alisema tu mbele ya wote ya kuwa jicho la mtu mmoja laweza kupoteza maisha ya vinyonga thelathini. Tangu saa ile hakuna aliyekaribia, ila mwalimu mwenyewe, mara moja asubuhi na mara moja jioni, tena kwa mbali.

Kesho yake baada ya adhuhuri kinyonga alianza kuchimba kweli. Alipapura kwa miguu ya mbele na kuusukuma udongo nyuma. Ilipofika jioni mkia peke yake ndio ulioonekana. Usiku ukapita. Asubuhi alikuwa amegeuka. Kichwa kilitokeza mlangoni mwa shimo, na sehemu ya nyuma ilikuwa ndani, naye alitulia, macho yakizunguka polepole. Alikuwa akitaga. Yapata saa sita mchana alitoka, akaanza kufukia. Alirudisha udongo kwa miguu, akaukanyagakanyaga, akavuta na majani makavu juu yake, hata mtu asiyejua asingaliweza kuonyesha mahali penyewe. Kisha akapanda juu ya tawi la mpera kwa shida, akafumba macho.

Mvulana alipomwona akashtuka. Rangi ilikuwa nyeusinyeusi, na tumbo lililokuwa nene lilikuwa limenywea, ngozi ikining'inia. Mwalimu akamwonyesha jinsi ya kudondosha maji juu ya majani, tone kwa tone, kwa muda mrefu. Kinyonga akanywa, akanywa tena. Jioni alikula panzi wawili.

Siku ile bibi alikuwa amekuja shuleni, kwa kuwa mjukuu wake alichelewa kurudi. Akasimama mlangoni mwa stoo, akatazama tumbo lile lililonywea, akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Kumbe ni mzazi." Na baada ya kitambo akasema, "Mpeni maji tena."

Baada ya siku nne kinyonga alikuwa na nguvu. Mvulana akamchukua kwa kijiti asubuhi, jua lilipokuwa limepanda, akamweka katika kichaka karibu na mahali alipomkuta. Kinyonga akapanda, akatikisika kama jani, wala hakuonekana tena. Mwalimu akawaambia wanafunzi ya kuwa hapo ndipo pake. Vinyonga wengi sana wamekamatwa katika nchi za Afrika ili wauzwe kwa wafugaji wa mbali, na wengi wamekufa njiani. Ndiyo sababu biashara yao husimamiwa na mapatano ya mataifa, na mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nchi za nje.

Kazi iliyosalia ilikuwa ya mayai, nayo ilikuwa ndefu. Debe liliwekwa chini ya upenu kivulini, juu ya mawe matatu yaliyosimama katika karai la maji, ili siafu na sisimizi wasipande. Juu likafunikwa kwa wavu wa chuma. Hakuna aliyeruhusiwa kuyafukua mayai, maana yai la kinyonga likigeuzwa, mtoto aliye ndani aweza kufa. Kila juma mwanafunzi wa zamu alitia kidole pembeni mwa debe. Akiona udongo umekauka, alinyunyiza maji kidogo karibu na ukingo, si katikati.

Mei ikapita, na Juni. Wakati wa likizo walikuja kwa zamu. Julai na Agosti vumbi likajaa nchi yote, watoto wakachoka kutazama debe lisilo na kitu ila udongo. Mwezi wa Septemba wengine wakasema, "Yameoza. Tufukue tutazame." Yule mvulana akakataa. "Nilimwona mama yao akipapura tenga siku mbili kwa ajili ya udongo huu," akasema. "Sisi tutashindwa kungoja?" Wakamwacha, naye akaendelea kutia kidole na kunyunyiza maji.

Katikati ya Novemba, mvua zilipokuwa zimekwisha anza, mvulana alikuja asubuhi akakuta udongo umepasuka, na katika ufa pametokeza kichwa kidogo kama punje ya hindi. Kinyonga mdogo akajitoa, mwembamba, mfupi kuliko kidole cha mtu mzima, akatembea mpaka kwenye kijiti, akakipanda. Akatoka wa pili, na wa tatu. Kwa siku tatu walitoka 23. Wanafunzi wakawapeleka katika vichaka mbalimbali vyenye wadudu wadogo, huyu hapa na huyu pale. Hata walipoona hatoki mwingine, walingoja majuma mawili zaidi, ndipo wakafukua debe. Wakakuta ngozi tupu 23, na mayai tisa yaliyoharibika. Mwalimu akawaambia ya kuwa hata porini si yote yaanguliwayo. Ndiyo maana mama hutaga mengi.

Bibi alipokwenda kulima shamba la maharage msimu ule, aliwaonya vijana waliolima pamoja naye, "Mkiona mayai meupe madogo ndani ya ardhi, yafukieni pale pale, msiyageuze." Wakamwuliza ni mayai ya nini. Akajibu, "Ya mzazi mmoja ninayemjua."

Basi atakaye kumtunza mnyama yeyote na akumbuke neno hili. Chakula na maji ni mwanzo tu wa kutunza. Kila kiumbe kina saa yake ya haja, na saa hiyo ifikapo hakiwezi kusema, hupapura tu. Mtu mwenye hofu huona kaburi, na mtu mwenye haraka huongeza panzi. Lakini yule atazamaye vema huuliza, "Anatafuta nini?" naye huenda kukileta, hata ikiwa ni debe la udongo tu.

Maswali

1. Mvulana alidhani kinyonga ameshiba. Kwa nini alikosea?
2. Toa dalili tatu zionyeshazo ya kuwa kinyonga jike ataka kutaga.
3. Kwa nini udongo wa kichuguu haukufaa, na kwa nini mchanga mtupu haukufaa?
4. Mwalimu alipimaje unyevu wa udongo? Jaribu mwenyewe kwa udongo wa bustani yenu.
5. Kwa nini vinyonga wa milima mirefu huzaa watoto badala ya kutaga?
6. Kinyonga alitaga mayai mangapi kwa jumla? Onyesha hesabu yako.
7. Bibi alisema "anachimba kaburi," na baadaye "kumbe ni mzazi." Ni kitu gani kilichobadili mawazo yake?
8. Andika habari fupi ya mnyama wa kwenu aliyekuwa na haja ambayo watu hawakuielewa upesi.